Mtufaha Uliojiotea Ovyo: Kuurudisha kwa Majira Matatu

Mtufaha uliokaa miaka mitano au kumi bila kuguswa na mkasi huwa na sura ileile popote ulipo. Juu ni kichaka cha fimbo zilizosimama wima, katikati ni giza, chini ni matawi yaliyokauka, na matunda machache madogo yamening'inia kileleni pasipofikika. Mwenye bustani hulalamikia urefu, lakini urefu ndio shida ndogo. Shida kubwa ni mwanga. Matumba ya maua ya mtufaha huanza kuumbika majira ya joto ya mwaka uliotangulia, na tawi linalopata chini ya asilimia 30 hivi ya jua kamili haliumbi ya kutosha. Ndiyo maana matawi ya chini, yale yaliyo karibu na mkono, yameacha kuzaa na mavuno yamehamia juu.

Kazi yako basi ni kufungua njia ya mwanga. Ukiifanya vizuri, urefu utapungua wenyewe njiani. Na igawe kwa majira matatu ya kupogoa, hata kama una siku nzima, msumeno mpya na hamu ya kumaliza.

Kwa nini si siku moja

Ukikata matawi, mizizi inabaki vilevile. Ndani ya mizizi na shina kuna akiba ya wanga iliyowekwa kwa ajili ya kuamsha matumba yote ya mti mzima. Ondoa nusu ya matawi, na akiba hiyohiyo inaingia kwenye nusu ya matumba yaliyobaki. Isitoshe, ncha ya kila tawi hutoa homoni inayoshuka na kuyazuia matumba ya chini yasichipue. Ncha ikikatwa, zuio limeondoka, na hata matumba yaliyolala miaka mingi chini ya gome la shina yanaamka. Matokeo yake ni fimbo za wima zinazopaa mita moja hadi mbili kwa msimu mmoja, zimejaa majani bila ua hata moja. Mwaka unaofuata giza limerudi, zito kuliko la mwanzo.

Kwa hiyo usiondoe zaidi ya robo ya matawi hai kwa mwaka mmoja. Mti mzee sana au uliodhoofika upewe nafuu zaidi: sehemu moja kwa tano inatosha. Matawi makavu hayaingii kwenye hesabu hii, kwa kuwa mti hauyalishi tena.

Ujue mti wako kabla ya kuugusa

Zunguka mti mara mbili tatu mikono ikiwa mitupu. Anzia chini. Uyoga uliojipanga kwenye kitako cha shina, udongo ulioinuka upande mmoja, au ufa mrefu unaofunguka upepo ukivuma ni dalili kwamba mti unaweza kuanguka. Hapo mwite fundi wa miti, usipande ngazi. Shina lenye uwazi ndani peke yake si hukumu ya kifo. Mitufaha mingi yenye shina tupu huendelea kuzaa miaka mingi, mradi ukuta uliobaki ni mnene na mzima.

Tafuta pia mahali mti ulipopandikizwa, kwa kawaida uvimbe au mpindo karibu na ardhi. Chochote kinachochipua chini ya hapo si aina ya tufaha unayoitaka. Ni maotea ya shina la mizizi, yaani mti wa chini uliobebeshwa aina yako, na ukiyaacha yatautawala mti. Usiyakate usawa wa ardhi, maana yatarudi matatu kwa moja. Fukua hadi yanapotokea kwenye mzizi, kisha yang'oe kwa kuyavuta, gome lake litoke pamoja na matumba yaliyojificha hapo.

Shina hilo la mizizi ndilo linaloamua ukubwa wa mti. Mashina hayo huuzwa kwa majina kama M9, lile la kufupisha mti, na M25, lile la mti mkubwa. Mti uliopandikizwa juu ya M9 huishia mita 2 hadi 3. Uliopandikizwa juu ya M25 hupita mita 4.5 bila taabu. Huwezi kuulazimisha mti wa M25 uwe mfupi kama wa M9 kwa mkasi. Kila mwaka utaukata, na kila mwaka utakujibu kwa fimbo. Kubaliana nao kwenye mita 4 hivi.

Jambo la mwisho la kukagua ni mahali matunda yanapotokea. Mitufaha mingi, kama Golden Delicious na Gala, huzaa zaidi kwenye vitawi vifupi vya sentimita chache, vilivyokunjamana na kuvimba kichwani, vilivyo juu ya matawi ya miaka miwili na kuendelea. Aina nyingine, kama Granny Smith na Worcester Pearmain, hupeleka sehemu kubwa ya matunda kwenye ncha za vitawi vyembamba. Mti wa namna hii ukiupunguza ncha zote kwa usawa kama ua wa nyumba, umeyakata mavuno. Kutofautisha matumba ni rahisi mti ukiwa hauna majani: tumba la ua ni nene, la mviringo, lina vinyweleo, tumba la jani ni dogo, limechongoka na kulala bapa juu ya kijiti.

Wakati wa kukata

Kazi kubwa hufanywa mti ukiwa umelala, yaani baada ya majani kuanguka na kabla matumba hayajavimba. Kaskazini mwa dunia hiyo ni kati ya Novemba na mwanzo wa Machi, kusini ni kati ya Mei na Agosti. Nusu ya pili ya kipindi hicho ni bora kuliko ya kwanza, kwa kuwa vidonda havikai muda mrefu vikingoja mti uamke uanze kuvifunika. Karibu na ikweta mtufaha haulali sawasawa. Huko chagua kipindi kikavu baada ya mavuno, kabla machipukizi mapya hayajaanza. Usikate siku ya mvua, na usikate baridi ya kugandisha ikiwa kali, kwani gome linapasuka.

Kama matunda yako huja mwaka mmoja kwa wingi na mwaka unaofuata karibu hakuna, anza kazi kabla ya mwaka wa wingi. Mbegu za matunda mengi hutoa homoni inayozuia matumba ya maua ya mwaka ujao, na kupunguza mzigo kwa msumeno kunasaidia kuvunja mzunguko huo.

Vifaa

Unahitaji vitu vitatu vya kukatia. Mkasi wa kupogolea wa mkono mmoja, ule ambao makali yake yanapishana, kwa vitawi vya hadi sentimita 1.5. Ule ambao kisu hugonga bamba huponda gome, uachie kuni kavu. Mkasi wa mikono mirefu kwa sentimita 1.5 hadi 3.5. Msumeno wa kupogolea wa sentimita 25 hadi 33, wenye meno yanayokata unapouvuta kuelekea kwako, kwa yote yaliyozidi hapo. Msumeno wa seremala hukwama kwenye mti mbichi, na panga hupasua.

Noa kabla ya kuanza. Futa makali kwa spiriti ya asilimia 70 kila unapotoka kwenye tawi lenye ugonjwa. Dawa ya klorini ya kupaushia nguo inafaa pia, sehemu moja kwa sehemu tisa za maji, lakini hula chuma. Suuza, kausha, paka mafuta.

Ngazi ya miguu mitatu ndiyo inayotulia kwenye udongo usio sawa. Vaa miwani ya kinga, kwa sababu fimbo kavu ya mtufaha huchoma jicho haraka kuliko unavyofumba, na kofia ngumu mtu akikata juu. Msumeno wa mnyororo haupandi ngazi. Tawi lililo karibu na nyaya za umeme si kazi yako.

Mkato wenyewe

Hapa ndipo miti mingi inapoharibiwa, kwa hiyo twende polepole.

Tazama tawi linapotokea kwenye shina. Juu, kwenye pembe, kuna mstari wa gome lililojikunja. Chini kuna uvimbe mdogo, kama shingo. Uvimbe huo ni wa shina, na ndani yake mna tishu zinazojenga ukuta dhidi ya uozo. Mti hauponyi kidonda kama ngozi inavyofanya. Huzungushia ukuta sehemu iliyoumia, ukaiacha ndani na kukua juu yake. Alex Shigo wa Idara ya Misitu ya Marekani alipasua miti mingi kwa urefu akaonyesha hayo, na kwamba kukata kwa kuambaa na shina, desturi iliyofundishwa miaka mingi, ndiko kulikokuwa kukivunja ukuta huo. Kwa hiyo kata nje kidogo ya uvimbe, kuanzia nje ya ule mkunjo wa juu. Usiukate uvimbe, na pia usiache kisiki kinachochomoza sentimita tano, maana kisiki kitakufa, kitaoza, na uozo utapata ngazi ya kuingilia.

Sura ya kidonda itakuambia kama umepatia. Duara, au karibu na duara, ni sawa. Kikiwa kirefu kama yai lililovutwa, umeambaa na shina.

Tawi lolote linaloshinda unene wa dole gumba likatwe kwa mikato mitatu. Wa kwanza unatoka chini kwenda juu, sentimita 30 kutoka kwenye shina, na unaingia robo hadi theluthi ya unene. Ukizidisha, uzito wa tawi unabana msumeno. Wa pili unatoka juu, sentimita 3 hadi 5 mbele ya ule wa kwanza, upande wa ncha. Tawi litavunjika, na mpasuko utakoma kwenye mkato wa chini badala ya kulichuna gome la shina hadi magotini. Sasa kisiki ni chepesi. Kishike kwa mkono mmoja na ukate wa tatu, kwenye shingo, taratibu.

Usipake rangi, lami wala nta. Kinachopakwa hunasa unyevu, huchelewesha gome jipya, na hakizuii kuvu. Kinga ya kweli ni ukubwa wa kidonda: kilicho chini ya sentimita 5 kwa kawaida hufunikwa, kinachozidi sentimita 10 kwenye mti mzee mara nyingi hakifunikwi kamwe. Ukiweza kupata mwanga kwa kuondoa matawi manne ya unene wa kidole badala ya moja la unene wa paja, fanya hivyo. Ila usitumie kanuni hii kama kisingizio cha kunyoanyoa ncha tu. Mti uliofungamana katikati unahitaji tawi nene moja au mawili yatoke.

Majira ya kwanza: maiti, wagonjwa, na matawi mawili au matatu

Anza na yaliyokufa. Kwaruza gome kwa ukucha: chini yake kukiwa kijani, lingali hai, kukiwa kahawia na kavu, toa. Kisha wagonjwa. Donda la gome huonekana kama sehemu iliyodidimia, yenye mipasuko ya pete pete, wakati mwingine imelizunguka tawi zima na kuliua kuanzia hapo. Kata chini yake mpaka sehemu uliyokata iwe nyeupe bila doa la kahawia. Ukikuta ncha zilizonyauka na kupinda kama bakora, majani meusi yaliyogoma kuanguka kana kwamba yamepitiwa na moto, huo ni ugonjwa wa bakteria. Shuka sentimita 30 chini ya mwisho wa dalili, na usafishe makali baada ya kila mkato. Usiyaache mabaki hayo chini ya mti.

Mara nyingi, yakishatoka hayo, mti unakuwa umefunguka kuliko ulivyodhani. Simama mbali, utazame tena, ndipo uchague matawi makubwa mawili au matatu ya kutoa. Wanaopewa kipaumbele ni tawi linalopita katikati ya mti kutoka upande mmoja kwenda wa pili, kati ya mawili yanayosuguana lile baya zaidi, na lile lililoshikana na shina kwa pembe nyembamba kiasi kwamba gome limenaswa ndani ya pembe. Hilo litapasuka lenyewe siku litakapobeba mzigo. Yanayobaki yawe na pembe ya nyuzi 45 hadi 60 kutoka wima, na kati ya tawi kubwa na jingine lililo juu yake pabaki sentimita 60 hadi 90.

Acha hapo. Utatamani kuendelea.

Kushusha kilele

Kilele hushushwa kwa kuhamishia uongozi, kamwe si kwa kukata kichwa. Fuata tawi refu kutoka nchani ukishuka mpaka ukute tawi la pembeni linaloelekea nje, lenye unene usiopungua theluthi ya unene wa lile unalolikata. Kata juu yake tu, kwa mshazari unaofuata mwelekeo wake. Tawi hilo sasa ndilo ncha. Linavuta utomvu na kuyazuia matumba ya chini. Likiwa jembamba mno haliwezi kazi hiyo, na fimbo zitachipua pande zote kama ufagio. Shusha mita moja au moja na nusu kwa mwaka, si zaidi, na anza na matawi marefu kabisa mawili au matatu tu.

Jihadhari na kosa la kinyume: kusafisha vitawi vyote vya ndani kwa sababu ndivyo vilivyo karibu, ukaacha matawi matupu yenye kishungi mwishoni kama mkia wa simba. Uzito wote unahamia nchani, tawi linavunjika, na jua linaunguza gome lililozoea kivuli. Hata ukipogoa kwa busara, gome lililokuwa gizani likijikuta kwenye jua kali lipake rangi nyeupe ya maji iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji. Rangi ya mafuta itaua gome.

Majira ya joto yanayofuata, na majira ya pili

Fimbo zitatoka tu. Robo moja nayo ni mshtuko. Kinachotenganisha mti uliorudi na ulioharibika ni namna unavyozishughulikia, na watu wengi hulegea hapa kwa kudhani kazi ilikwisha. Zikiwa laini, chini ya sentimita 20, zing'oe kwa mkono kwa kuzivuta kuelekea chini. Hutoka na kisigino chake, na chache hurudi. Zilizokukwepa zikate mwishoni mwa majira ya joto. Kupogoa wakati huo huupunguzia mti nguvu badala ya kuuchochea, kwa kuwa unaondoa majani kabla hayajamaliza kupeleka akiba mizizini.

Usizing'oe zote. Ukizimaliza, mti utatoa nyingine. Acha moja kati ya nne au tano, zilizotengana, zisizosimama wima kabisa, hasa mahali penye pengo au pasipo na matawi machanga. Zisizidi unene wa penseli. Na usizifupishe. Fimbo iliyokatwa ncha huleta fimbo tatu hadi tano chini ya mkato. Iliyoachwa nzima na kulazwa hutulia na kuzaa. Ilaze kwa kamba pana au kitambaa kilichofungwa kwenye kigingi, mpaka nyuzi 50 au 60 kutoka wima, ikiwa bado inakubali. Samaki mkunje angali mbichi. Ukiilaza mpaka ncha iwe chini ya usawa, matumba ya mgongoni yatachipua wima na utakuwa umeongeza kazi. Fungua kamba baada ya msimu mmoja, kabla haijakata gome. Matumba ya maua huanza kuonekana mwaka wa pili au wa tatu.

Majira ya pili ya kulala mti, rudia robo: tawi moja kubwa au mawili zaidi, kilele kingine kishushwe, fimbo zilizobaki bila kazi zitoke kwenye kitako chake. Kipimo kizuri wakati wa majani ni kivuli. Saa sita mchana tazama ardhi chini ya mti. Kivuli kizito bila tundu maana yake bado. Kivuli kilichotapakaa vipande vya jua mpaka karibu na shina maana yake umefika, hata kama robo haijaisha.

Majira ya tatu

Sasa msumeno hupumzika na mkasi mdogo hufanya kazi. Vitawi vya matunda kwenye mti mzee hurundikana mpaka kimoja kinakuwa na vichwa kumi na zaidi; vyote hutoa maua, na matunda yote huwa kama golori. Punguza kila rundo libaki na matumba mawili au matatu manene. Toa kwanza yaliyo chini ya tawi, ambayo matunda yake hukulia kivulini na kubaki madogo yasiyo na rangi. Kati ya rundo na rundo acha sentimita 10 hadi 15.

Katika miaka yote hii mitatu usiweke mbolea yenye naitrojeni nyingi, wala samadi mbichi. Mti una mizizi mikubwa kuliko matawi yake. Kuulisha ni kuagiza fimbo. Kinachosaidia ni kuondoa nyasi kwenye duara la mita moja kuzunguka shina, kutandaza matandazo ya sentimita 5 hadi 8 yasiyogusa gome, kuyaacha mbali sentimita 15, na kumwagilia ukame ukizidi.

Maua yakirudi kwa wingi, na kwa kawaida hurudi kwa fujo mwaka wa tatu au wa nne, punguza matunda yakiwa na upana wa sentimita 2.5 hivi: acha moja kwa kila kishada, lenye afya zaidi, na sentimita 10 hadi 15 kati ya tunda na tunda. Matawi machanga uliyoyalaza bado hayajaota nguvu ya kubeba, na tunda zito la nchani huyavunja palepale ulipotumia miaka miwili kuyapinda. Kwenye hayo, mwaka wa kwanza wa kuzaa, toa matunda yote ya theluthi ya mwisho ya tawi.